Tiba ya Mazungumzo na Namna Inavyopimwa

Tiba ya mazungumzo ni jina la jumla la matibabu ambayo dawa yake ni maneno na mazoezi. Mtu aliyelemewa na huzuni, hofu, kiwewe au ulevi hukutana na mtu aliyefunzwa, peke yake au katika kikundi, kwa idadi ya vikao iliyopangwa, na kila kikao kina kazi yake. Utaratibu huo ndio unaoitofautisha na kupeana moyo barazani au msibani. Barazani kila mtu husema lililomjia. Kwenye tiba, anayeongoza ana mwongozo, na kwa kuwa mwongozo umeandikwa, mtu mwingine anaweza kufundishwa aufuate vilevile mahali pengine. Kitu kinachoweza kurudiwa vilevile kinaweza pia kupimwa, na makala haya yanahusu hiyo kazi ya kupima, hasa ilivyofanyika Afrika Mashariki.

Nayaandika kutoka Kizota, kata ya Jiji la Dodoma iliyo kando ya barabara iendayo Singida. Wageni huijua kwa ukumbi uliopokea mikutano mikuu ya CCM na kwa maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambako msimu ukifika malori hupanga foleni na wapakuaji hawapumziki. Kwa habari yetu, lililo muhimu ni kwamba Kizota imo katika mji wa Mirembe. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1927, na jirani yake ipo Isanga, inayopokea wagonjwa walioingia katika kesi za jinai. Jina Mirembe limeingia katika utani wa nchi nzima: ukisema jambo lisiloeleweka utaulizwa umetoroka lini. Utani huo una gharama yake. Umewafanya watu waamini kwamba tiba ya akili ni ya anayeokota makopo na kuongea peke yake njiani. Mama ambaye miezi mitatu halali, chakula hakipiti kooni na kila kitu kimemchosha, hajihesabu kuwa mgonjwa. Majirani wanasema "ana mawazo", na yeye mwenyewe anakubali kuwa ana mawazo, basi.

Watu wa namna hiyo huenda wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa Dar es Salaam na Mdimu Ngoma na wenzake, ulilinganisha waliokuja kwenye vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kwenye vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi. Kwa waganga, walikuwa asilimia 48. Mganga husikiliza kwa muda mrefu, huuliza habari za ukoo na ugomvi, na hutoa jibu lenye maana kwa aliyeuliza. Siwezi kumlaumu mtu anayeona saa nzima ya kusikilizwa ni bora kuliko dakika nne na karatasi ya dawa. Ila kutoka pale umetulia hakuthibitishi kuwa ulichofanyiwa ndicho kilichokutuliza, na hapo ndipo utafiti unapoanza.

Mavuno kama mtego

Nyanda za kati zina mvua za msimu mmoja tu. Huanza kuelekea Desemba, hukatika Aprili. Miezi ya Januari na Februari ghala la nyumbani limebaki vumbi, shamba linadai palizi, ada na sare za shule zinadaiwa, na mtama na uwele bado ni majani. Mei mavuno yanaingia.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mshauri anakuja Kizota mwezi Januari, anawatafuta wanawake 100 waliolemewa kuliko wengine wote, anakaa nao katika vikundi kwa wiki 16, na mwishoni mwa Mei anawauliza tena. Wengi wanalala, wanakula, wanacheka. Ripoti itasema tiba imefaulu. Mwanamke yeyote wa Ugogo atakuuliza: tiba, au gunia la mtama lililoingia ndani?

Tatizo hilo lipo hata pasipo na mavuno. Watafiti huchagua watu walipo chini kabisa, na aliye chini kabisa, akiachwa, mara nyingi hupanda kidogo. Msiba hupoa, mgomvi huhama, mtoto hupona. Kuna pia adabu yetu: mgeni aliyekuja mara 16 kukusikiliza, akikuuliza kama unaendelea vizuri, utamwambia hapana?

Dawa ya mtego huo ni kundi linganishi. Watu wanaofanana na hao, wa eneo hilohilo na msimu huohuo, wanaachwa wapate huduma za kawaida au wangoje zamu yao, na wote wanapimwa siku zilezile. Mavuno yatawainua wote. Kitakachozidi kwa waliotibiwa ndicho mali ya tiba. Nani aingie kundi gani huamuliwa kwa bahati nasibu, maana mtafiti akichagua mwenyewe atawapa tiba wenye bidii, na wenye bidii wangepona hata kwa njia nyingine. Mara nyingi hupigiwa kura vijiji badala ya watu, kwa sababu wanawake wawili wanaochota maji bomba moja watasimuliana yote waliyofundishwa. Na kwa kuwa haiwezekani kumficha mtu kwamba alikaa kwenye vikao, hufichwa yule anayekuja kuuliza maswali mwishoni: haambiwi nani alitibiwa.

Masaka na Rakai, 2002

Jaribio lililobadili mawazo ya wengi lilifanyika kusini-magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha makaburi karibu kila boma. Paul Bolton na wenzake walichagua vijiji 30, vya wanaume 15 na vya wanawake 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuleta tiba yoyote, walifanya jambo ambalo tafiti nyingi huliruka: waliwauliza wanavijiji wenyewe wanaita nini hali ya mtu aliyevunjika namna hiyo. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, ambayo kwa Kiswahili tungesema kujichukia na kujihurumia. Wagonjwa walitafutwa kwa maneno hayo, na sonona ya vitabuni ikaja baadaye.

Tiba yenyewe huitwa tiba ya mahusiano. Msingi wake ni kuwa huzuni nzito huwa na mlango ilikoingilia: kifo cha mpendwa, ugomvi na mtu wa karibu, au mabadiliko makubwa ya maisha kama kuugua, kuolewa au kufilisika. Kikundi kinamsaidia kila mmoja kuutambua mlango wake na kutafuta la kufanya kabla ya wiki ijayo. Waliokutana walikaa dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Walioongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa hukohuko waliomaliza sekondari, wakafunzwa wiki mbili.

Kabla ya tiba, asilimia 86 ya walio katika vijiji vya tiba walikuwa na sonona. Baada yake walibaki asilimia 6.5. Takwimu hiyo ndiyo inayonukuliwa. Mimi naomba msomaji aangalie ile ya pili, ambayo wengi huipita. Katika vijiji vilivyongoja, walianza asilimia 94 na wakamaliza asilimia 54.7. Yaani watu wanne kati ya kila 10 walitoka katika sonona bila kuingia kikao hata kimoja. Pengo baina ya 6.5 na 54.7 ni kubwa sana, na tiba ilistahili sifa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo kwa vikundi. Lakini asiyehesabu wale wanne angeipa tiba sifa ya watu ambao hawakuiona.

Kamba, maua na mawe

Kwa waliopitia vita kuna tiba nyingine, ya masimulizi, iliyojaribiwa katika makazi ya wakimbizi Uganda na timu ya Frank Neuner. Hutandazwa kamba sakafuni, ambayo ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Kila tukio jema huwekewa ua, kila baya huwekewa jiwe, kwa mfuatano wa miaka. Kisha vikao vinavyofuata hurudi kwenye jiwe mojamoja: ulikuwa wapi, ulisikia nini, moyo ulidundaje, ilikuwa mchana au usiku. Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anasoma alichoandika, mwenyewe anasahihisha, na mwishoni mtu anapewa maisha yake yakiwa yameandikwa kwa mpangilio. Maelezo ya kitaalamu ni kwamba kumbukumbu ya kiwewe huelea bila tarehe wala mahali, ndiyo maana hurudi usiku kama jambo la sasa. Kuipa mahali pake kwenye kamba huipunguza makali.

Katika jaribio la kwanza, la mwaka 2004, kwa wakimbizi 43 wa Sudan, mwaka mmoja baadaye ni asilimia 29 tu ya waliosimulia waliobaki na ugonjwa wa kiwewe, dhidi ya asilimia 79 ya waliopewa ushauri nasaha wa kawaida na asilimia 80 ya walioelimishwa tu. Ungesema kamba imeushinda ushauri. Mwaka 2008 yakaja matokeo ya jaribio kubwa zaidi huko Nakivale, la wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na safari hii washauri walikuwa wakimbizi wenyewe. Safari hii masimulizi na ushauri wa kiwewe vilikwenda sambamba, vyote viwili vikawazidi waliofuatiliwa tu. Nani alikosea? Hakuna. Kilichobadilika ni aliyewekwa upande wa pili. Ushauri uliofundishwa vizuri na kusimamiwa vizuri ni mpinzani mgumu, na tiba ikishindana na mpinzani mgumu ushindi wake huonekana mdogo.

Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, walikwenda watafiti wa Marekani na wenyeji kwa ajili ya wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Tiba ilikuwa ya kuchunguza mawazo yanayomfunga mtu, kama "ni kosa langu", na kuyapima kama kesi. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo fomu zilipunguzwa na mafunzo yakawekwa kichwani, yakirudiwa kwa mdomo. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi hivyo walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 katika vijiji vilivyokuwa na msaada wa mtu mmojammoja. Hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Watoto wa Moshi

Kwa Tanzania, jaribio lenye mafunzo mengi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la yatima wa Moshi na wenzao wa Bungoma, Kenya, lililoongozwa na Shannon Dorsey na washirika wake wa nchi zote mbili na kuchapishwa mwaka 2020. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi na wenye dalili za kiwewe, waligawanywa kwa bahati nasibu, mjini na kijijini katika kila nchi. Nusu walipata vikao 12 vya kikundi na vichache vya peke yao, vikiongozwa na washauri wasio wataalamu. Walifundishwa kupumua na kutuliza mwili, kutaja hisia kwa jina, kisha kusimulia kifo cha mzazi hatua kwa hatua hadi simulizi isiwatishe. Walezi nao walikutana.

Tiba ilipoisha, maeneo matatu kati ya manne yalionyesha kuwa waliotibiwa wako mbele. Eneo la nne, Moshi vijijini, halikuonyesha tofauti, maana hata wasiotibiwa walikuwa wamepata nafuu. Mwaka mmoja baadaye, Bungoma tofauti ilibaki kubwa. Moshi, mjini na kijijini, waliotibiwa na wasiotibiwa walikuwa sawa.

Msomaji wa haraka ataandika kwamba tiba ilifanya kazi Kenya ikashindwa Tanzania. Sivyo. Watoto wa Moshi waliotibiwa walipona. Ila na wenzao waliobaki na huduma za kawaida walipona vilevile. Kitendawili ni hao wenzao: walipata nini? Bibi mwenye subira, shule tulivu, chakula cha uhakika zaidi? Jaribio halikutengenezwa kujibu hilo, na ningependa lijibiwe kuliko kuona jaribio jingine la tiba ileile. Labda kuna kitu katika malezi ya kule ambacho kikijulikana kingeweza kufundishwa kwa bei ndogo kuliko vikao 12.

Moshi imezaa kazi nyingine pia. Sauti ya Vijana ni mpango wa vijana wanaoishi na VVU, unaoongozwa na vijana wenzao wakubwa kidogo. Punguza Pombe Kwa Afya Yako umejengwa katika hospitali ya KCMC kwa waliofika na majeraha. Wazo la mpango huo ni jepesi na la busara: mtu aliyevunjika mguu kwa sababu aliendesha pikipiki amekunywa hahitaji kuhubiriwa, ameshahubiriwa na mguu. Muuguzi anakaa naye kwa muda mfupi, anamwonyesha alichojibu kwenye dodoso la unywaji, anamuuliza yeye mwenyewe anaona faida gani na hasara gani, na anamwacha achague kiasi cha kupunguza. Baadaye hupokea ujumbe mfupi kwenye simu. Mtu akipewa nafasi ya kujisemea sababu zake mwenyewe, hujisikiliza kuliko anavyomsikiliza muuguzi.

Swali lina tafsiri yake

Vipimo vyote hivi hutegemea dodoso, na dodoso ni maneno. Linalotumika sana lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 27. Swali moja huuliza kama umejisikia kuchoka au kuishiwa nguvu. Mpeleke swali hilo mpakuaji wa maghala ya Kizota, aliyeshusha magunia tangu alfajiri. Atakucheka. Kachoka, ndiyo, kila siku, na hiyo si sonona, ni mgongo. Swali la hamu ya kula nalo, kwa aliyekula mlo mmoja kwa sababu ulikuwepo mmoja, hupima mfuko. Ndiyo maana Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili hawakuridhika na kutafsiri tu. Mwaka 2008 walichapisha dodoso lililotengenezwa Tanzania, lenye maswali 19, linalotumia namna watu wa hapa wanavyoieleza huzuni. Nalo liko kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Bibi wa Kigogo anayefikiri kwa Kigogo atajibu lake.

Swali la tisa ndilo gumu. Linauliza kama umewaza kuwa ni afadhali ufe au ujidhuru. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mgeni mwenye karatasi na kalamu, ambaye hujui karatasi inaishia kwa nani, anapokuuliza hilo mlangoni, jibu rahisi ni hapana. Kwa hiyo takwimu za swali la tisa nazisoma kama sakafu: wasiopungua hao.

Fedha mkononi

Mwaka 2020 wachumi Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro walitoa matokeo yaliyowakera wengi. Katika vijiji vya Nakuru, Kenya, watu 5,756 waligawanywa: wengine walipata tiba fupi ya vikao vitano, wengine fedha za mara moja bila masharti, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Tiba hiyo ilikuwa ileile ambayo kwa wanawake wa viungani mwa Nairobi, katika jaribio la mwaka 2017, ilikuwa imeonyesha nafuu miezi mitatu baadaye. Nakuru walipimwa baada ya mwaka. Waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya maisha na ya moyo. Waliopewa tiba peke yake hawakutofautiana na wasiopewa kitu.

Kuna la kutetea tiba hapo. Nakuru hawakuchaguliwa kwa sababu ni wagonjwa. Walichukuliwa wanavijiji kwa jumla, na aliye mzima hana cha kuponywa. Mwaka pia ni muda mrefu kwa vikao vitano. Hata hivyo matokeo hayo yanarudi kwenye gunia la mtama: baadhi ya tunaowaita wagonjwa wa mawazo wanadaiwa tu, na anayedaiwa huponywa na kulipa deni. Mshauri mwaminifu atakuwa na namba ya afisa ustawi wa jamii na ya kikundi cha kuweka na kukopa kwenye daftari lake, pamoja na mwongozo.

Mtaa wenye wahudumu wawili

Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, wanaofunzwa miezi sita. Walioongoza vikundi vya Masaka na Rakai walifunzwa wiki mbili. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba mafunzo si kikwazo. Kikwazo ni usimamizi. Katika majaribio ya namna hii, kila wiki washauri walikutana na msimamizi, wakaeleza kikao kilivyokwenda, wakasahihishwa, na msimamizi naye alikuwa na wa kumuuliza akikwama. Jaribio likiisha na wafadhili wakiondoka, cha kwanza kufa ni kikao hicho cha wiki, na mshauri huanza kutoa nasaha zake mwenyewe: vumilia, omba, mrudie mumeo.

Dodoma ina kitu ambacho Masaka haikuwa nacho, nacho ni Mirembe: wauguzi na madaktari wa akili walio umbali wa nauli ya daladala, wanaoweza kuwa wasimamizi na kupokea mgonjwa aliyezidi uwezo wa mhudumu wa mtaa. Mpango wa kuwapa wahudumu hao kazi ya tiba ukianza kwa awamu, kama mipango yetu yote inavyoanza, mitaa ya Kizota haitaanza pamoja. Kama mitaa ya awamu ya kwanza itapatikana kwa kutoa vikaratasi kwenye kofia mbele ya wenyeviti wote, ile inayosubiri itakuwa kundi linganishi bila mtu kunyimwa kitu, kwa gharama ya kofia na vikaratasi. Kipimo cha kwanza kifanyike Januari, cha pili Mei, cha tatu Januari ya pili, wakati ghala limebaki vumbi tena.